Je, Asiyesikia Ana Udhuru?

Katika vijiji vya dhahabu vya Geita, kama Rwamagasa, Nyarugusu na Mgusu, na hali kadhalika upande wa Shinyanga kule Mwakitolyo, liko jibu moja ambalo mwenye kuwaonya wachomaji wa zebaki hakosi kulipata. Mtu huambiwa kwamba mvuke anaouvuta ni sumu, naye hujibu kwa utulivu: "Nimeichoma miaka mingi, wala sisikii kitu." Hasemi hivyo kwa ubishi. Ameuuliza mwili wake mwenyewe, nao haukumpa habari yo yote mbaya. Basi kwake hoja imekwisha.

Jibu hili halistahili kuchekwa. Ndani yake mna swali ambalo wanafalsafa na watu wa dini wamelizungumza tangu zamani: jambo ambalo mtu halisikii mwilini mwake, je, lamhusu? Na likimdhuru yeye au jirani yake, je, kutosikia kwake ni udhuru mbele ya Mungu na mbele ya watu? Swali kama hili halijibiwi kwa kukisia. Yatupasa kwanza tufahamu habari za mwili zafikaje kwetu, na ni nani azichukuaye.

Kwa ajili ya msomaji asiyeijua kazi yenyewe, nieleze kwa ufupi. Mawe hutolewa duarani, husagwa katika karasha mpaka yawe unga, kisha unga huoshwa kwa maji mwaloni juu ya ubao uliotandikwa magunia, ili chembe nzito za dhahabu zinaswe. Mchanga ule ulionaswa hutiwa karaini pamoja na zebaki, ukakorogwa kwa mikono mitupu. Zebaki huikamata dhahabu, vikawa donge moja. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, halafu huwekwa juu ya kipande cha bati au kijiko na kuchomwa motoni. Zebaki huruka, dhahabu hubaki. Hicho kinachoruka hakina rangi wala harufu, na wengi hukichoma uani, au jikoni, mahali ambapo chakula cha watoto hupikwa.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Neno kuhisi tunalo, lakini katika mazungumzo ya kila siku Mswahili husema kusikia. Twasikia ngoma, twasikia baridi, twasikia njaa, twasikia harufu ya samaki, na mwiba ukituchoma twasikia uchungu. Tena mama akisema, "Mtoto huyu hasikii," hana maana kwamba masikio ya mtoto ni mabovu. Ana maana kwamba habari inamfika, naye haifuati. Kwa hiyo neno hili moja limebeba mambo matatu: habari kufika, habari kufahamika, na habari kutiiwa. Wako wageni waliojifunza lugha yetu ambao huona jambo hilo ni upungufu. Mimi naliona ni utajiri, kwani mambo hayo kweli yameshikana, na mtu aweza kupungukiwa na moja tu akaitwa asiyesikia.

Tuanze na kufika kwa habari. Katika ngozi na chini yake mmejaa vipokezi vidogo sana, kila aina na kazi yake: aina moja hujibu mguso mwepesi kama wa unyoya, nyingine shinikizo la kudumu, nyingine mtetemeko, nyingine kuvutwa kwa ngozi. Vimesongamana zaidi katika ncha za vidole na midomoni, na mgongoni ni haba. Ndiyo maana mwoshaji wa dhahabu husugua mchanga kati ya vidole viwili akatambua tofauti ya chembe na chembe. Lakini mgongoni mwake, akiguswa kwa ncha mbili zilizoachana sentimita mbili, atadhani ni ncha moja tu.

Jinsi shinikizo linavyogeuka kuwa umeme haikujulikana barabara mpaka mwaka 2010. Ndipo Ardem Patapoutian, mtaalamu aliyezaliwa Beirut na kufanya kazi Marekani, pamoja na wenzake, walipotangaza protini ambayo moja yake huitwa PIEZO2. Ni mfano wa kilango katika ukuta wa chembe hai: ukuta ukivutwa, kilango hufunguka, chumvi zenye umeme huingia, na msukumo huanza safari. Kwa kazi hiyo alishirikishwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Wamepatikana pia watu wachache waliozaliwa bila protini hiyo kufanya kazi. Wakifungwa kitambaa machoni, hawajui mikono yao iko wapi, na kutembea huwashinda.

Na hapa pana jambo la kumstaajabisha mwenye kutafakari. Kinachosafiri katika mshipa wa fahamu si mguso, wala si maumivu. Ni msukumo wa umeme, ambao ni wa namna moja katika mshipa wa mguso, katika mshipa wa joto na katika mshipa wa maumivu. Tofauti ni mshipa upi umeuleta, na unafikia wapi katika ubongo. Mjumbe hana uchungu mwenyewe. Hubeba barua asiyoweza kuisoma. Maumivu husomwa mwishoni mwa safari.

Wajumbe hawa hawana mwendo mmoja. Yule wa mguso hukimbia kiasi cha mita 35 hadi 75 kwa sekunde. Yule aletaye habari za misuli huweza kufikia mita 120. Lakini yule wa maumivu mazito hutembea mita moja hivi kwa sekunde, yaani kama mzee atokaye sokoni. Kila mmoja wetu amelithibitisha jambo hili bila kujua. Ukijikwaa kidole cha mguu kwenye jiwe, kwanza wajua kwamba umejikwaa, na kwa nukta hiyo fupi waweza hata kusema, "Yanakuja!" Kisha maumivu hufika.

Njia zao pia ni mbalimbali. Chembe ya mshipa wa mguso ina kiini chake katika fundo dogo kando ya uti wa mgongo. Kutoka hapo mkia wake mmoja hushuka mpaka kidole cha mguu, na mwingine hupanda nyuma ya uti mpaka shina la ubongo. Ni chembe moja tu, lakini kwa mtu mrefu yaweza kupita mita moja na nusu. Huko juu humkabidhi mjumbe wa pili, ambaye huvuka upande wa pili wa mwili, akapita thalamasi ambako wa tatu humpokea, hata habari ikafika kwenye gamba la ubongo. Maumivu na joto hayangoji kufika juu ndipo yavuke. Huvuka mara tu yanapoingia katika uti. Aliyeonyesha hayo katikati ya karne ya 19 ni mtu wa bahari yetu hii ya Hindi, Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyezaliwa Port Louis, Mauritius, mwaka 1817. Alionyesha kwamba uti ukikatwa nusu, kama kwa kisu, mguu wa upande uliokatwa hupoteza nguvu na hupoteza habari ya mkao wake, lakini huendelea kusikia maumivu. Na mguu wa upande wa pili huweza kusimama imara, ila ukichomwa sindano hausikii.

Nimetaja mkao wa mwili, nami naona ni hisi ambayo watu wengi hawaijui, kwa sababu haijapata kuwatoroka. Tukiulizwa hisi ni ngapi, twajibu tano, kama tulivyofundishwa shuleni. Lakini mtazame mchimbaji anaposhuka duarani. Tochi iliyo kwenye paji la uso wake yamulika ukuta ulio mbele yake. Mguu wake uko chini gizani, unapapasa, unaikuta tundu iliyochongwa ukutani, unajitia humo, nao hubeba uzito wa mwili mzima. Nani amemwambia kwamba goti limekunjwa kiasi kile, na kwamba wayo umeelekea ndani wala si nje? Macho hayakuona. Ndani ya kila msuli mna nyuzi ndogo zilizozungukwa na mshipa wa fahamu, zinazopima urefu wa msuli kila wakati. Na katika kano mna vipimo vya nguvu inayovuta. Habari hizi hupelekwa kwa wingi mno, mchana na usiku. Nyingi huishia katika ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa, usiotusumbua kwa kututaka tujue. Mwingereza Charles Sherrington aliipa hisi hii jina lake la kitaalamu mwaka 1906.

Thamani yake huonekana inapokosekana. Mwaka 1971 kijana mmoja wa Uingereza, mwenye umri wa miaka 19, aliugua maradhi yaliyofuatiwa na kuharibika kwa mishipa yote ya mguso na ya mkao kutoka shingoni kwenda chini. Misuli yake ilikuwa mizima. Maumivu na joto aliendelea kuyasikia. Lakini akiwa kitandani hakujua mkono wake uko wapi, na alipotaka kuuinua uliruka ovyo. Kwa muda mrefu alijizoeza upya kukaa, kusimama na kutembea, akitumia macho tu: kila hatua aliitazama na kuiwazia. Taa ikizimika, huanguka chini.

Madaktari wana kipimo rahisi cha jambo hili, kinachoitwa kwa jina la Mjerumani Moritz Romberg. Mgonjwa husimama miguu pamoja, kisha hufumba macho. Aliyepoteza habari ya mkao huanza kuyumba. Hata kabla ya kufika kwa daktari, dalili ya kwanza yaweza kuonekana bombani: mtu anayetawadha huinama, hufumba macho ili aoshe uso, naye hupepesuka. Huweza kudhani ni kizunguzungu cha njaa.

Basi la kwanza tulilojifunza ni hili. Kile tukiitacho "mwili wangu" twakijua kwa barua zinazoletwa. Barua zikikoma, mkono haukukoma kuwapo, umekoma kujulikana. Na mambo haya mawili hayafanani hata kidogo.

Ugonjwa uliolifundisha jambo hili kwa uchungu kuliko yote ni ukoma. Mnorwei Gerhard Armauer Hansen alikiona kijidudu chake mwaka 1873. Kijidudu hiki hupenda sehemu za mwili zilizo baridi kidogo, na hujificha ndani ya mishipa ya fahamu, hasa pale inapopita karibu na ngozi. Kwa mfano nyuma ya kiwiko, pale ambapo ukijigonga husikia kama umeme mpaka kidole cha mwisho. Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba ukoma wenyewe huila nyama na kuangusha vidole. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, baada ya Vita Kuu ya Pili, aliyachunguza majeraha ya wagonjwa moja moja akaona sivyo. Vidole viliharibika kwa sababu mwenyewe alishika sufuria ya moto bila kujua, alitembea na msumari ndani ya kiatu, alizungusha ufunguo mgumu mpaka ngozi ikachanika. Usiku panya walikuja wakamtafuna, naye akalala. Mwili haukuoza, haukuwa na mlinzi.

Kuna wanaouliza, nao huuliza kwa moyo safi, kwa nini Mungu mwenye rehema aliumba maumivu. Sitasema kwamba kila uchungu una faida, maana nimekaa na watu waliokufa kwa saratani, na kumwambia mtu kama huyo kwamba uchungu wake ni mlinzi ni ukatili. Lakini anayeuliza swali hilo na aende akawaone wale ambao maumivu yameondolewa kwao. Hakuna hata mmoja aliye huru.

Brand aliendelea na jambo jingine ambalo kwa maoni yangu lina uzito zaidi kwa swali letu. Alipokuwa Marekani, yeye na wenzake walijaribu kuwatengenezea wagonjwa maumivu ya bandia. Waliunda glavu zenye vipimo vya shinikizo. Mkono ukibanwa kupita kiasi, chombo kililia sikioni. Wagonjwa walikisikia, wakaendelea na kazi. Wakabadilisha, badala ya mlio wakaweka umeme uliochoma kwapani, mahali ambapo mgonjwa bado alikuwa na fahamu. Huo uliuma kweli. Lakini mgonjwa alipokuwa na kazi anayotaka kuimaliza, alizima swichi, akaimaliza, kisha akaiwasha tena. Mradi ukaachwa.

Hapo ndipo lile neno letu la Kiswahili linapoonyesha hekima yake. Habari ilifika. Ilifahamika. Haikutiiwa. Maumivu ya kweli yana nguvu juu yetu kwa sababu swichi yake haiko mkononi mwetu. Onyo lo lote tunaloweza kulizima tutalizima siku ile ile linapotuzuia kupata tunachokitaka.

Kilichofaulu badala yake ni jambo dogo. Mgonjwa aliyepoteza fahamu za miguu hufundishwa kuitazama kila jioni. Huiosha na kuiloweka, huipaka mafuta, huipapasa kutafuta mahali penye joto lisilo la kawaida, hukung'uta viatu kabla ya kuvivaa, na kama hawezi kuona chini ya wayo humwomba mwenziwe amtazamie. Nchini Tanzania kazi ya kupambana na ukoma iliunganishwa na ile ya kifua kikuu katika mpango mmoja wa taifa mwaka 1977, na dawa zipo, hutolewa bure, nazo huua vijidudu. Ila mshipa uliokwisha kufa mara nyingi haurudi. Mgonjwa hupona, lakini kazi ya kutazama hubaki yake maisha yote. Wenye kisukari cha siku nyingi hufundishwa vivyo hivyo.

Tena angalia: hakuna muuguzi anayemwambia mgonjwa huyo, "Kwa kuwa husikii, miguu si juu yako." Humwambia kinyume chake. Kwa kuwa husikii, sasa ni juu yako zaidi, kwani ulinzi uliokuwa ukifanywa bure na mishipa yako umehamia kwenye macho yako na nia yako. Kwa jeraha la jana, alilolipata kabla hajafundishwa, ana udhuru kamili. Kwa lile la kesho, hana.

Turudi sasa Geita, kwenye donge la zebaki.

Mvuke wa zebaki haumgusi kipokezi hata kimoja. Hauchomi pua wala koo kwa kipimo ambacho mchomaji huuvuta. Ngozi haina mjumbe wa kumpasha habari zake. Kiasi cha sehemu nane kwa kumi ya mvuke uvutwao huingia katika damu, na kutoka katika damu huingia katika ubongo. Huko, kwa tabia yake ya kushikamana na salfa iliyo katika protini, huzifunga protini ambazo chembe za fahamu huzitegemea. Kwa hiyo aliyesema "sisikii kitu" alisema kweli tupu. Kosa lake ni kumwita shahidi ambaye hakuwapo. Hata mtu mwenye afya kamili hana fahamu ya jambo hili, kama vile hana sikio la kusikia mlio wa popo.

Yako mabaya kuliko hayo. Ikiwa zebaki imegeuzwa na bakteria katika matope ya mito na maziwa ikawa zebaki ya kikaboni, nayo ikaingia katika samaki, huwashambulia hasa wale wajumbe wenyewe: sehemu za ubongo zipokeazo mguso, na ubongo mdogo unaopokea habari za mkao. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Minamata, Japani, ambako kiwanda kilitupa uchafu wake baharini, na ugonjwa ukatangazwa rasmi tarehe 1 Mei 1956. Watu walianza kufa ganzi vidoleni na kuzunguka midomo, yaani pale pale ambapo vipokezi ni vingi, kisha wakapepesuka na macho yakaona kama kupitia bomba. Iraki, mwishoni mwa 1971 na mwanzoni mwa 1972, wakulima walioka mikate kwa ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya zebaki. Waliolazwa hospitalini walikuwa 6,530, na 459 kati yao walikufa. Mkate ulikuwa mtamu. Wiki kadhaa zilipita kabla ya mtu kusikia cho chote, na ganzi ilipoanza, madhara yalikwisha fanyika.

Nisije nikawatisha watu bure. Samaki wa Ziwa Viktoria waliopimwa kwa kawaida wameonekana kuwa na zebaki kidogo, na mtu wa Geita asiache sato wake kwa sababu ya makala hii. Hatari yake iliyo karibu ni mvuke. Huo huleta kwanza mtetemeko wa vidole, fizi kuvimba, usahaulifu, kukosa usingizi, na kugeuka kwa tabia: mtu mpole huwa mwepesi wa hasira, au mchangamfu huwa mwenye haya na kujitenga. Ni mara ngapi mke amesema, "Mume wangu amebadilika tangu aende machimboni," na sisi wazee wa dini tukampa nasaha za subira, tusiulize kazi ya mumewe ni ipi?

Mwaka 2003 wataalamu wa mradi wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, waliwapima watu wa Rwamagasa. Pamoja na kupima damu, mkojo na nywele, waliwafanyia vipimo vya mwili: fumba macho ulete kidole puani, lala uteremshe kisigino kwenye muundi wa mguu wa pili, tembea mstari mmoja, nyosha mikono tuitazame. Wachomaji wengi walionekana kuwa na dalili za sumu. Watu waliokuwa wakisema kwamba hawasikii kitu walikosa kuipata pua yao wenyewe.

Katika chuo nilichosomea ng'ambo, mwalimu wetu wa mantiki alipenda kutuuliza: aliyeibiwa akiwa usingizini, je, hakuibiwa? Tulikuwa tukicheka. Lakini kuna madhehebu ya falsafa yanayofundisha kwamba ubaya ni maumivu tu, na pasipo maumivu hapana ubaya. Wafuasi wake na waje Rwamagasa waeleze ni lini mtu yule alidhurika: siku alipovuta mvuke bila kusikia, au siku alipoikosa pua yake mbele ya daktari?

Basi, ana udhuru? Kwa siku zote kabla hajaambiwa, naamini anao. Hakuna hisi aliyoipuuza. Baada ya kuambiwa na mtu anayejua, kutosikia kwake si hoja tena. Yuko mahali pa yule mgonjwa wa ukoma anayefundishwa kutazama. Lakini tusiwe wepesi kumhukumu. Wengi husikia vema kabisa ila hawana njia. Mwenye mtaji humpa mchimbaji zebaki kwa mkopo kwa sharti kwamba dhahabu auziwe yeye. Mtoto anangoja karo. Na njaa, tofauti na zebaki, ina mjumbe mwenye sauti kubwa. Huyo hajazima swichi kwa anasa.

Dhima kubwa, kwa maoni yangu, iko kwa wale ambao hawasikii kwa sababu mwili si wao. Mwenye karasha hasikii mtetemeko wa kibarua wake. Mnunuzi aliye katika soko la dhahabu lililofunguliwa Geita mwaka 2019, na bibi arusi wa Dubai au London avaaye mkufu, hawasikii. Mtume Mtukufu s.a.w. aliwafananisha waaminio na mwili mmoja, ambao kiungo kimoja kikiugua wote hukesha kwa homa. Watu hupenda kulihubiri jambo hili kama kwamba ni habari ya namna tulivyo. Nijuavyo, ukiuchunguza umma wetu utaona viungo vingi vilivyokufa ganzi, na mfano ule unatudai kazi: pale ambapo hatuna mshipa wa kutuletea uchungu wa mwingine, yatupasa twende tukatazame. Na Kurani Tukufu, katika Sura Ha Mim Sajda, yaeleza kwamba ngozi za watu zitashuhudia waliyoyatenda. Hapo hautangojwa mshipa wo wote. Ngozi yasema habari ambayo mwenyewe hakuisikia.

Kutazama huko si jambo la kubuni. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki ulipitishwa Oktoba 2013, ukaanza kutumika 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Unazitaka nchi zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa wazi na uchomaji katika makazi ya watu. Kipo chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, ambacho hunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumika tena. Wachimbaji wengi hukikataa, nao wana sababu: kinachelewesha, na dhahabu ikiwa imefungiwa ndani haionekani, hivyo mtu huogopa kuibiwa. Sababu ya pili inanifikirisha sana. Kwa dhahabu yake mtu hakubali kuamini asichokiona. Kwa ubongo wake anakubali.

Wa mwisho ninaowawazia ni wale waliomo jikoni. Mvuke hushika dari, nguo na kuta, na humfikia mtoto aliye tumboni kupitia damu ya mama yake. Mke wa mchomaji aweza kuwa hajagusa zebaki maishani mwake. Anao udhuru wote, lakini udhuru haumlindi. Kwa hiyo, ye yote ambaye amechoma, au ambaye kwake pamechomwa, na aende kituo cha afya hata kama hasikii kitu. Amwambie daktari kazi hiyo kwa jina lake, asingoje kuulizwa, kwa sababu mkono unaotetemeka wa mtu wa machimboni mara nyingi hudhaniwa ni wa pombe. Aombe mkojo wake upimwe zebaki pale inapowezekana. Na kabla ya dawa yo yote, moto ule uondolewe nyumbani.